Mto msafi ni bei gani kwako?

Ebu nikuulize: ungetoa ngapi kila mwezi ili Mto Nairobi usinuke? Soo moja? Soo tano? Usicheke. Wanauchumi huuliza hivyo kukadiria thamani ya vitu visivyouzwa dukani.

Mwaka 1989 meli ya Exxon Valdez ilimwaga mafuta baharini kule Alaska. Watafiti wakauliza familia za Marekani zingelipa ngapi ajali kama hiyo isitokee tena. Hesabu ilifika dola bilioni 2.8, na wengi wao hata hawakuwa wamefika Alaska!

Njia nyingine ni kuangalia mfuko badala ya mdomo. Ukienda Karura Jumamosi, nauli, kiingilio na masaa yako vinaonyesha msitu una maana gani kwako. Au chukua nyumba mbili zinazofanana, moja kando ya mto unaonuka, nyingine mbali. Tofauti ya kodi ndiyo bei ya ile harufu.

Lakini hapa ndipo mimi hushtuka. Niliacha chuo kwa kukosa karo, kwa hivyo nikiulizwa nitalipa ngapi, nitasema mbao. Sonko atasema elfu kumi. Kwani pua yake inanusa kuliko yangu?

Basi wakikuuliza, wageuzie swali: ungelipwa ngapi ndio ukubali mto ubaki mchafu? Hapo hata asiye na kitu ana la kusema. Na jibu langu, buda, si mbao.