Setilaiti inajuaje kuwa mtama umekauka Karamoja?

Kilomita 786 juu ya kichwa chako hupita setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2. Kila baada ya siku tano hivi zinapiga picha ya shamba lako, la jirani yako, na la yule mnayegombania mpaka. Hazijui nani ni nani. Ila zinaweza kuonyesha kama msimu umeharibika.

Zinajuaje? Siri iko kwenye mwanga.

Jani lenye afya linameza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula. Wakati huohuo linarudisha juu kwa wingi mwanga mwingine, infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Jani likinyauka mambo yanageuka: mwanga mwekundu unaorudi unaongezeka, infraredi inapungua. Setilaiti inapima yote mawili, kompyuta inapiga hesabu na kutoa namba moja iitwayo NDVI. Tuseme tu ni kipimo cha ukijani. Ikikaribia 1, majani ni mengi na mabichi. Ikikaribia sifuri, ni udongo mtupu.

Namba hiyo peke yake haisaidii sana, maana hata mwaka mzuri wa sehemu kame hauwezi kufanana na kijani cha Kabale. Kinachofanyika ni kulinganisha mahali palepale, mwezi uleule, na miaka iliyopita. Ukijani ukiwa chini sana kuliko kawaida, hapo kuna shida.

Sasa twende Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Kule watu wanategemea mifugo na mtama, na mvua za kulima ni za msimu mmoja tu kwa mwaka. Zikikataa, unasubiri mwaka mzima. Zamani msaada ulifika baada ya njaa kuingia ndani ya nyumba, na kufikia hapo mtu ameshauza mbuzi wake kwa bei ya kutupa.

Kupitia mradi wa NUSAF 3, serikali ya Uganda ilibadilisha utaratibu. Pesa zilitengwa mapema, na kikawekwa kiwango: ukijani ukishuka chini ya hapo, kazi za umma za kulipwa ziliongezwa ili kaya nyingi zaidi zipate kipato. Hakukuwa na kusubiri picha za watoto waliokonda zionekane kwenye televisheni. Mmoja wa waliojenga mfumo huo ni mwanasayansi Mganda, Catherine Nakalembe wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Mwaka 2020 alipewa Tuzo ya Chakula ya Afrika pamoja na André Bationo wa Burkina Faso.

Lakini usidhani setilaiti inaona kila kitu.

Picha moja ya Sentinel-2 imegawanywa vipande vya mita 10 kwa 10, kwa hiyo eka moja ina vipande kama 40. Si haba. Vifaa vya zamani vilitumia vipande vya mita 250, yaani eka 15 zinaonekana kama nukta moja! Hata hivyo, mashamba yetu ni ya mchanganyiko. Mahindi, maharage, mgomba pembeni, mwembe katikati. Kutoka juu yote ni kijani. Kompyuta itajuaje lipi ni lipi?

Inabidi ifundishwe kwa mifano kutoka ardhini, na hapa ndipo boda boda wanapoingia. Timu ya Nakalembe ilifunga kamera kwenye helmeti za waendesha pikipiki na kwenye magari, wakapita barabara za vijijini wakipiga picha za mashamba. Kila picha ina alama ya mahali ilipopigwa, hivyo kompyuta inajifunza kwamba kijani cha aina hii ni mahindi, kile ni muhogo. Binafsi naona hii ni akili kuliko setilaiti yenyewe.

Kuna mengine. Mawingu yanaziba picha, tena msimu wa mvua ndio mawingu yanapojaa. Rada za Sentinel-1 zinapenya mawingu, ila kuzisoma kunahitaji utaalamu zaidi. Magugu nayo ni kijani. Na mahindi yanaweza kuwa na majani mazuri kabisa huku magunzi hayana punje. Ndiyo maana afisa ugani anayetembea shambani bado anahitajika.

Picha zenyewe ni bure. Za Landsat zimekuwa bure tangu 2008, na za Sentinel vilevile. Gharama iko kwa watu wa kuzisoma. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, FEWS NET, mtandao wa tahadhari ya njaa ulioanzishwa 1985 baada ya njaa ya Ethiopia, ulizimika kwa miezi kadhaa. Setilaiti ziliendelea kupita juu na kupiga picha kama kawaida.