Frigo ya sola: mahali pa kuiweka kwanza, paneli baadaye



Hapa Lweba na kando ya ziwa kwa jumla, wanaouza mikeke wanatuuliza sana: konjelatere ya samaki inaomba paneli ngapi? Sisi tunawajibu kwa swali lingine: mutaiweka wapi? Ni hapo pesa ya koperative inapotea, na samaki wanaoza hata kama paneli ni nzuri.

Frigo haitengenezi baridi. Inatoa joto ndani na kulitupa inje. Katika mabomba yake kuna dawa inayogeuka mvuke upande wa ndani, na inapogeuka inanyonya joto, sawa vile jasho linavyopoza ngozi. Kisha kompresa inaukandamiza ule mvuke, unapata moto, unapita katika mabomba ya inje, hewa ya chumba inalichukua joto lake, na dawa inarudi kuwa maji. Gusa nyuma ya frigo, ao mbavu zake: ule moto unaousikia ni joto la samaki wako pamoja na la umeme uliotumika.

Katika nchi za baridi kama Norwe na Uswidi, watu wanaitumia mashine ya namna hii kinyume. Inakamata joto katika hewa ya inje, hata wakati maji yanaganda, na kuliingiza nyumbani. Kwa kipimo 1 cha umeme nyumba inaweza kupata vipimo 3 vya joto, sababu mashine inahamisha tu, haichomi kitu. Lakini inje baridi ikizidi sana, faida inapungua. Kwetu ni vile vile, ila upande wa pili: mahali joto linapotupwa pakiwa na moto, kompresa inazunguka siku nzima bila kupumzika.

Sasa angalia depo zetu. Kwa kuogopa wezi tunaifungia frigo katika chumba kidogo cha bati, bila dirisha, pamoja na betri, na mara nyingine mbabula iko mlango wa pili. Joto linalotoka nyuma linabaki mule mule. Wezi ni kweli wako, hatusemi muiache wazi. Toboeni matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu karibu na bati, mutie vyuma. Wekeni dari, hata ya mikeka ao matete. Frigo iachane na ukuta kwa sentimita 10 ao zaidi, na jua la magharibi lisiifikie. Betri nazo hazipendi joto, zinazeeka mbio.

Baada ya hapo tunaweza kuhesabu. Kwenye karatasi ya frigo kuna namba ya kilowati-saa kwa mwaka. Igawanye kwa 365. Ikiwa ni 365, basi ni kilowati-saa 1 kwa siku. Tukihesabu saa 4 za jua kamili kwa siku, na kutoa kinachopotea katika betri na nyaya, paneli za wati 400 hivi zinahitajika. Lakini namba ile haikupimwa katika depo ya bati, wala haihesabu samaki wapya. Kugandisha kilo 10 za maji ya nyuzi 25 ni kutoa joto la zaidi ya kilowati-saa 1, na samaki hayuko mbali na maji. Mukiingiza kilo 10 kila jioni, mahitaji yanaweza kukaribia mara mbili. Fundi anayewauzia paneli bila kuuliza kilo, musimlipe bado.

Kwa ndagala, kwa maoni yetu, frigo ni hasara. Vichanja vya kukaushia vilivyoinuliwa juu ya mchanga vinatosha.

Chagueni frigo inayofunguka juu: hewa baridi ni nzito, haimwagiki mukifungua. Mpira wa mlango pimeni kwa noti ya 500: funga juu yake, uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka. Frigo ya volti 220 inapowaka inavuta umeme mara nyingi kuliko inapotembea, kwa hiyo konvertisere ndogo itakataa. Ile ya volti 12 ao 24 haiombi konvertisere. Chanjo za kuku zisilale pamoja na samaki: nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8, na nyingine zikiganda zinaharibika.

Paneli ziinamishwe kidogo, nyuzi 10 hivi, zikitazama kaskazini, mvua ipate kuosha vumbi. Na ikiwa frigo ilikuja imelala katika boti ao juu ya pikipiki, isimameni wima mpaka kesho yake ndipo muiwashe. Mafuta ya kompresa lazima yarudi chini kwanza.