Dawa za Kulevya kwa Wanafunzi: Tuzitambue, Tuokoe Maisha

Wazazi wa Carama na wa maeneo ya mpakani husikia kwamba mtoto "anatumia dawa" bila kujua ni dawa gani. Ni vema kujua, kwa kuwa kila kilevi kina dalili na hatari yake.

Bangi, yaani urumogi, huyafanya macho kuwa mekundu, hudhoofisha kumbukumbu na umakini darasani, na kwa baadhi ya vijana huchochea maradhi ya akili.

Pombe kali na vidonge vya usingizi, kama diazepamu, vikichanganywa huweza kuzuia pumzi. Aliyezoea kunywa kila siku asikatishwe ghafla bila mganga, kwani anaweza kupatwa na degedege na kufa.

Heroini, ambayo vijana wa Bujumbura huiita "boost", hutoka Asia, hushushwa katika pwani ya Afrika Mashariki, kisha huvushwa mipakani. Huvutwa au hudungwa. Mtumiaji husinzia, na mboni za macho yake huwa ndogo mno. Kushirikiana sindano hueneza virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Hatari huzidi kwa aliyeacha kwa muda, labda akiwa hospitalini au kizuizini: mwili umepoteza mazoea, na kipimo cha zamani huweza kumuua.

Mkimkuta kijana hazinduki, anakoroma au midomo imebadilika rangi, mwiteni kwa nguvu na tafuteni usafiri wa hospitali mara moja. Akiwa anapumua, mlazeni ubavu. Pumzi ikikatika, inueni kidevu chake, mbane pua na mpulizieni hewa mdomoni. Msimnyweshe maji wala maziwa, wala msimwache peke yake. Mwelezeni mganga ukweli kuhusu alichotumia. Ipo dawa, naloksoni, inayorudisha pumzi iliyozuiwa na heroini. Hofu ya polisi isimcheleweshe mgonjwa.

Uraibu hutibika. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kuwapa waraibu wa heroini methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu, ambayo huondoa arosto na haja ya sindano.

Kwa hiyo, mzazi asimfukuze mwanawe nyumbani, na mwalimu amwite mzazi kabla ya kumfukuza mwanafunzi shuleni. Anayewauzia watoto dawa hizo, tupeni habari zake sisi polisi. Mtoto aliyenaswa, mfikisheni kwa mganga.