Mageuzi ya Chakula Yaanzie Ghalani

Mfumo wa chakula ni mnyororo mzima unaoanzia kwenye mbegu na udongo, ukapitia mavuno, ghala, usafirishaji na soko, hadi chakula kinapoliwa au kutupwa. Watafiti wanakadiria kwamba mnyororo huo hutoa takriban theluthi moja ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu, na kilimo peke yake hutumia karibu asilimia 70 ya maji baridi yanayochotwa duniani. Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano mkuu kuhusu mageuzi ya mfumo huo mwezi Septemba 2021, lakini mijadala ya namna hiyo mara nyingi hukimbilia shambani, kwenye mbegu bora, mbolea na umwagiliaji, huku ghala likisahauliwa. Usahaulifu huo ni wa gharama kubwa, kwa kuwa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linakadiria kuwa asilimia 13 hivi ya chakula hupotea baada ya kuvunwa na kabla hakijafika madukani, na gunia linalooza huwa limekwisha kutumia maji, mbolea, ardhi na jasho sawasawa na lile linaloliwa.

Mahindi ya Afrika Mashariki yanalidhihirisha jambo hili vizuri. Dumuzi, mdudu mdogo mwenye urefu wa milimita tatu au nne ambaye wakulima wengi humwita skania, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Alibainika Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akasambaa katika nchi nyingi za Afrika, ambako hakuwakuta maadui wa asili waliokuwa wakimdhibiti kwao. Hutoboa punje hata zikiwa bado kwenye magunzi, hutoboa hata miti ya kihenge, na baada ya miezi michache mkulima huweza kukuta vumbi la unga mahali alipoweka akiba ya mwaka.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Nafaka iliyohifadhiwa ikiwa mbichi huota kuvu wa jamii ya Aspergillus, ambao hutengeneza sumukuvu, sumu inayoharibu ini na isiyokwisha kwa kupikwa. Mwaka 2004, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mengi ya mahindi hayo yalikuwa ya wakulima wenyewe, na kwa hiyo suala la uhifadhi ni suala la uhai wa watu kabla halijawa suala la biashara.

Kinga zipo na si za kifahari. Mahindi yanapaswa kukaushwa juu ya turubai hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13 hivi, na mkulima asiye na kipimo huweza kuyatia kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, akaitikisa na kuiacha kwa robo saa: chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado hayajakauka. Baada ya hapo hufaa mfuko usiopitisha hewa, kama ule uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Kamerun, wenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida, kila moja ikifungwa peke yake. Wadudu waliomo humaliza oksijeni na kufa, bila dawa yoyote.

Tatizo ni kwamba mfuko huo ni ghali mara kadhaa kuliko gunia la kawaida, na mkulima anayedaiwa ada ya shule hawezi kusubiri bei ipande; huuza wakati wa mavuno, kisha hununua mahindi yaleyale kwa bei kubwa miezi ya njaa. Stakabadhi ghalani, ambazo Tanzania ilizitungia sheria mwaka 2005, zinaweza kumwezesha kukopa kwa dhamana ya mazao yaliyo ghalani, ingawa zimezoeleka zaidi katika korosho kuliko katika nafaka ya chakula. Viongozi wa Afrika waliahidi mjini Malabo mwaka 2014 kupunguza upotevu wa mazao kwa nusu ifikapo 2025, na Januari 2025 mjini Kampala wakaiweka tena ahadi hiyohiyo kwa muongo unaofuata. Safari hii ahadi hiyo inahitaji kusomeka katika bajeti za wilaya, kwa majina ya vijiji vitakavyopata maghala, vikaushio na mikopo ya mifuko kabla ya mavuno.