Bakshishi: Hiari ya Mlaji, Stahili ya Mhudumu

Mhudumu ameleta ankara mezani na amesimama kando akisubiri. Au kijana wa bodaboda amefika mlangoni saa mbili usiku, mvua inanyesha, na mkononi ana chakula ulichoagiza kwa simu. Bei umekwisha kuilipa. Je, unadaiwa kitu zaidi? Wengi hushikwa na haya katika dakika hiyo: wakitoa kidogo huhofia kuonekana bahili, wasipotoa huhofia kuonekana hawana utu, na wakitoa kingi bajeti ya nyumbani huyumba. Katika makala hii tunaeleza bakshishi ni nini, inapofaa kutolewa, na mambo ambayo mlaji hapaswi kuyachanganya nayo.

Maana ya bakshishi

Neno hili lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni zawadi. Hiyo ndiyo maana tunayopaswa kuishika. Bakshishi ni fedha ambayo mlaji humpa mhudumu kwa ridhaa yake, baada ya huduma, juu ya bei waliyokubaliana. Hakuna sheria nchini Tanzania inayomlazimu mlaji kuitoa, wala mfanyabiashara hana haki ya kumnyima huduma aliyokwisha kuilipia kwa sababu hakutoa.

Baadhi yetu tumesikia kwamba ni lazima kutoa asilimia 15 au 20 ya ankara. Desturi hiyo ni ya Marekani, na ina sababu yake. Sheria ya shirikisho ya huko inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, kwa matarajio kwamba wateja watajaza pengo. Hapa kwetu mwajiri anawajibika kulipa kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kwa Amri ya Mishahara katika sekta yake. Mshahara ni deni la mwajiri. Bakshishi ni shukrani ya mteja. Moja halifuti jingine.

Soma ankara kwanza

Kabla ya kutoa chochote, isome ankara mstari kwa mstari. Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ni kodi ya Serikali, si malipo ya mhudumu. Baadhi ya hoteli na migahawa huongeza mstari mwingine, yaani gharama ya huduma. Hiyo si kodi. Ni malipo yanayoingia kwenye biashara husika.

Tuchukue mfano. Familia imekula chakula cha shilingi 40,000, na ankara ina gharama ya huduma ya asilimia 10, yaani shilingi 4,000. Jumla ni shilingi 44,000. Familia hiyo imekwisha kulipia huduma, na haina sababu ya kuona haya ikiondoka bila kuongeza kitu. Lakini inayo haki ya kuuliza mambo mawili: je, gharama hiyo ilionyeshwa kwenye orodha ya vyakula kabla hawajaagiza? Na je, wahudumu hugawiwa fedha hiyo? Ikiwa gharama haikutajwa popote kabla ya kuagiza, omba maelezo kwa msimamizi kabla ya kulipa.

Hakikisha inamfikia uliyemkusudia

Ukilipa kwa Lipa Namba au kwa kadi na kuongeza shilingi 2,000 juu ya ankara, fedha hiyo huingia kwenye akaunti ya biashara. Huenda ikamfikia mhudumu, huenda isimfikie. Nchini Uingereza, tangu Oktoba 2024, sheria inamtaka mwajiri awakabidhi wafanyakazi bakshishi yote bila makato yake. Kwa mlaji wa hapa, njia ya hakika ni kumkabidhi mhudumu mkononi, au kumtumia kwenye namba yake mwenyewe ikiwa ameridhia kukupa.

Kumbuka pia watu usiowaona. Mpishi na muosha vyombo wamehudumia meza yako sawa na aliyekuletea sahani. Ukikuta kisanduku cha bakshishi cha pamoja, uliza ni cha nani.

Wanaoleta mizigo nyumbani

Ada ya kufikishiwa mzigo si bakshishi. Sehemu yake yaweza kuchukuliwa na kampuni au duka, na mwendesha bodaboda mara nyingi hujinunulia mafuta na kugharimia matengenezo ya chombo chake. Kwa hiyo, shilingi 500 au 1,000 aliyoongezewa kwa hiari si kitu kidogo kwake. Tunashauri uifikirie zaidi pale alipofanya kazi iliyozidi kawaida: amekuja wakati wa mvua kubwa, amepandisha mtungi wa gesi au dumu la maji la lita 20 hadi ghorofa ya tatu, au amesubiri muda mrefu kwa kosa lako mwenyewe.

Kagua mzigo kwanza, kisha shukuru. Angalia lakiri ya mtungi na uombe upimwe, hesabu bidhaa, linganisha na risiti. Na kama umekwisha kutoa bakshishi kisha ukagundua kasoro, bado unayo haki kamili ya kulalamika. Bakshishi haifungi mdomo wa mlaji.

Ukiagiza kwa programu ya simu, tazama kama kiasi cha bakshishi kimewekwa kabla hujachagua. Kama hukukusudia, kiondoe kabla ya kuthibitisha malipo.

Chenji si bakshishi

Chenji ni mali yako. Kondakta, muuza duka au mhudumu wa kituo cha mafuta anayesema “sina chenji” na kunyamaza hajapewa bakshishi. Amebaki na fedha ya mtu. Vivyo hivyo, si sahihi kukupa peremende badala ya chenji bila ridhaa yako. Ukitaka abaki nayo, tamka mwenyewe.

Bakshishi si rushwa

Mpaka huu ndio muhimu kuliko yote. Mtumishi wa umma katika zahanati, ofisi ya ardhi, mahakama au kituo cha polisi hapaswi kupewa “chai” wala “asante” ili akutimizie kile ambacho ni wajibu wake. Kuomba, kupokea na kutoa malipo ya namna hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, hata yakiitwa kwa jina tamu. Ukiombwa, piga simu TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.

Kwa muhtasari

- Toa baada ya huduma, kwa ridhaa, na kwa kadiri ya uwezo wako. Pale ambapo ankara haina gharama ya huduma, kati ya asilimia 5 na 10 ni shukrani ya kutosha.
- Mpe mhusika mkononi, bila kumdhalilisha na bila kumtaka fadhila.
- Dai risiti kwa malipo yote ya ankara.
- Ukilazimishwa kutoa, tunza ankara, andika tarehe na mahali, mweleze msimamizi. Asipokusikiliza, tuletee malalamiko yako.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Asiye na cha kuongeza anaweza kumwita mhudumu kwa jina lake, kumshukuru, na kumsifu mbele ya msimamizi wake. Hilo halina bei, na hakuna ankara inayolidai.