Maji: Mzigo wa Mgongo, na Dawa Yake



Katika vijiji vingi vya Garsen, siku ya mama huanza kwa maji. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na safari ya kwenda kuteka haiwi moja. Huinama mtoni, huinama kondeni, huinama jikoni. Na usiku, nyumba nzima ilalapo, yeye hujigeuza kitandani kwa taabu. Aulizwapo, hujibu kuwa ni uchovu tu. Ni kwa ajili ya mama huyu anyamazaye ndipo tukaandika makala haya.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na wanawake ndio walio wengi. Aghalabu chanzo chake si maradhi mazito, bali ni misuli na viungo vilivyochoshwa. Alhamdulillahi, maji yale yale yanayouelemea mgongo yaweza pia kuupa nafuu.

Bibi zetu walilijua hilo. Mzazi, katika arobaini yake, hukandwa kwa maji ya moto, kwani joto hulegeza misuli iliyokaza. Wataalamu wa mazoezi ya viungo huongeza faida nyingine: maji huubeba mwili. Yakifika kiunoni, miguu hubakiwa na takriban nusu ya uzito. Yakifika kifuani, hubakiwa na takriban theluthi moja. Ndiyo maana asiyeweza kufanya mazoezi nchi kavu huweza kutembea na kuinua magoti ndani ya bwawa lenye maji ya vuguvugu.

Hata hivyo, tusikimbilie Mto Tana. Mna mamba na viboko, na maji yaliyotuama kandokando yake huweza kuwa na vijidudu vya kichocho. Mabwawa ya kuogelea ya Malindi na Mombasa nayo yako mbali, na si yote yanayomhifadhi mwanamke stara yake. Kwa wengi wetu, tiba iliyo karibu ni ile ya nyumbani.

Chukua kitambaa kizito, kichovye katika maji ya moto yasiyochoma, ukikamue, kisha ujaribu joto lake kwa upande wa ndani wa mkono. Kiweke kiunoni kwa dakika 15 hadi 20. Usilale juu yake. Maumivu yapunguapo, tembea taratibu, kwani kulala kitandani siku nyingi huudhoofisha mgongo. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi atahadhari zaidi, kwa kuwa huenda akaungua asihisi. Na mja mzito asijitose katika maji ya moto sana.

Zipo dalili zisizongoja kukandwa: kushindwa kuzuia haja, ganzi baina ya mapaja, miguu kuishiwa nguvu, homa, kukonda bila sababu, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka. Aonaye mojawapo na aende hospitali siku hiyo hiyo. Na mgonjwa asiyeweza kusimama katika swala, sharia imemruhusu aswali ameketi, asijitese.

Lakini kitambaa cha moto usiku hakitafaa kitu iwapo alfajiri mtungi ni ule ule, na mbebaji ni yule yule. Maji yagawanywe katika mitungi midogo miwili, mmoja kila mkono. Penye punda na mkokoteni, vitumike. Na akina baba na vijana wa kiume wasione haya kuteka maji: Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, wala hadhi yake haikupungua.

Basi jioni ya leo, muulize mama yako hali ya mgongo wake. Akisema ni uchovu tu, usiridhike na jibu hilo. Mtilie maji motoni, na kesho uubebe mtungi wewe.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.