Kabati la boksi: usikaze skrubu mapema!

Juzi hapa Kilwa Masoko nilimuunganishia mama kabati la boksi kutoka Dar, hela yake ya kuuza samaki. Nikawa nakaza kila skrubu palepale, mwisho mlango ukagoma kufunga! Kufungua nianze upya, tundu likasagika. Mama kimya, mi aibu.

Jamani, mbao zile ni chengachenga za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, hazipendi kufunguliwa-funguliwa. Funga skrubu zote zikiwa zimelegea. Pima pembe kwa pembe, mshazari: vipimo viwili vikilingana, limenyooka. Ndipo upigilie ubao wa mgongoni, halafu kaza.

Tundu likisagika, tia njiti za kiberiti na gundi, likikauka rudisha skrubu. La mama sasa limesimama, tena juu ya matofali, maana maji ya kudeki yakiligusa linavimba. Wenye ujuzi zaidi, mwageni hapa.